Mimi ndiye wa kwanza kufanikiwa kwetu, na mshahara hauvuki tarehe 12

BARUA

Habari zenu washauri. Nina miaka 34, ni mfamasia, nina mume na mtoto mmoja wa miaka 4. Kwetu tumezaliwa wanne na mimi ndiye kifungua mimba. Upande wa baba na upande wa mama, ni mimi wa kwanza kumaliza chuo kikuu na kupata kazi yenye mshahara wa maana. Baba alifariki miaka 6 iliyopita. Tangu hapo, bila kikao wala mtu kunitamkia, nikawa ndiye baba.

Hesabu yangu naiandika kwa sehemu. Kinachobaki baada ya kodi na makato ya lazima, kabla mkopo haujakatwa, tukiite 100. Mama nampelekea 12. Ada ya kitinda mimba wetu, aliyebakiza mihula 3 chuoni, nikiigawa kwa miezi inakuwa 8. Mdogo wangu anayenifuata, fundi wa kuchomelea, anakula 9 kwa wastani: kodi ya nyumba, mtaji, "dada nimekwama". Shangazi, wajomba na binamu, 8. Nyumba ninayoijenga kwenye kiwanja cha marehemu baba ili mama akae vizuri, 12. Imefika kwenye lenta. Hapo ni 49. Nyumbani kwangu natoa 35. Mkopo wa mshahara unakata 14 na umebakiza miezi 14. Nabaki na 2. Mwezi wa msiba au ugonjwa nazidi 100, nakopa kwenye simu.

Mkopo huo niliuchukua kumpa mdogo wangu mtaji wa pili baada ya ule wa kwanza kupotea. Sikumwambia mume wangu. Aliuona mwenyewe kwenye karatasi ya mshahara, na tangu siku hiyo nyumbani pana baridi. Sasa mdogo wangu huyo anataka niwe mdhamini wake benki, na mama ndiye anayenipigia simu kwa niaba yake. Mdogo wetu wa tatu, mwalimu anayeishi jirani na mama, aliniambia wiki iliyopita: "Dada, wewe unatoa pesa ndiyo unasikilizwa. Mimi ninayeshinda hospitali na mama nani ananiona?" Iliniuma sana.

Je, nisaini udhamini? Na nitapunguzaje haya bila kuonekana nimewatupa ndugu zangu baada ya kupata?

Kifungua Mimba

JIBU

Dada, pole. Umeandika hesabu ambayo wengi wenye mzigo kama wako hawajawahi kuiweka kwenye karatasi, kwa hiyo kazi ya kwanza umeshaifanya.

La udhamini tulijibu upesi kwa sababu lina tarehe: usisaini. Watu wengi hudhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema ya mkopaji. Sivyo. Mdhamini ni mlipaji aliyewekwa akiba. Mikataba mingi ya udhamini inamruhusu mkopeshaji kukudai wewe deni lote lililobaki mara mkopaji anapokosa marejesho, bila kulazimika kuuza kwanza mali ya mkopaji. Mingine inaufanya udhamini uwe endelevu, maana yake saini moja inafunika na mikopo atakayoongeza baadaye. Na hata kama analipa vizuri, deni hilo linaweza kuhesabiwa kwako siku wewe na mumeo mtakapoomba mkopo wenu. Wewe una 2 kwa mwezi. Mtu mwenye 2 hana cha kudhamini.

Mdogo wako mjibu mwenyewe, usimtumie mama akajibu. Maneno yatoshe haya: "Siwezi kuwa mdhamini wako wala wa mtu mwingine, kwa sababu nikishindwa kulipa ni mama na mdogo wetu wa chuo watakaoumia. Biashara yako tutaizungumza Jumamosi, uje na daftari." Usiongeze sababu ya pili wala ya tatu. Kila sababu ya ziada unayoitoa inampa mtu mlango wa kujadili.

Sasa tuingie kwenye shina. Ukisoma barua yako unaona tatizo la kiasi, 49 ni nyingi. Sisi tunaona kwamba kabla ya kiasi kuna jambo lingine: hakuna anayekijua. Mama anajua ya 12 yake. Fundi anajua ya 9 yake, na huenda anadhani ni ndogo. Mumeo alijua kwa kuviziwa na karatasi ya mshahara. Shangazi haelewi kabisa kwamba kuna mkopo. Kila mmoja anaona bomba, haoni tangi. Na asiyeona tangi huomba kwa nia njema kabisa, akiamini kuna maji. Kuongoza familia kwa mtu aliye katika nafasi yako kunaanzia hapo: msaada utoke kwenye simu ya faragha uende kwenye mpango unaojulikana, wenye kikomo na tarehe. Ukipunguza kimyakimya bila kufanya hivyo, wataona umebadilika. Wakijua mpango, wataona mfuko umebadilika.

Anza na mumeo, kabla ya ndugu. Mketi jioni moja mtoto akishalala, umpe karatasi yenye namba hizi zote ulizotuandikia, pamoja na mikopo ya kwenye simu ambayo hukuitajia kiasi. Usianze kwa kujitetea kuhusu nia. Anaijua nia yako. Kilichomuumiza ni kugundua. Mwambie mkopo ulichukuliwa lini, umebaki kiasi gani, unaisha mwezi gani. Halafu mkubaliane kanuni mbili. Ya kwanza, chochote kinachozidi sehemu 3 kati ya 100 za mshahara wa mmoja wenu hakitoki bila wote wawili kusema ndiyo, na "ndiyo" hiyo isitafutwe kwa simu mtu akiwa kazini. Ya pili, kila mmoja ndiye anayewajibu ndugu zake wa damu. Wewe usimtume mumeo akamwambie mama yako hapana, naye asikutume kwa mama mkwe. Kanuni hizi ziwe za pande zote mbili hata kama ndugu zake hawaombi sana leo, maana sheria inayombana mtu wa upande mmoja huvunjika msiba wa kwanza.

Jambo moja la kutahadhari hapo: msikubaliane kwamba kuanzia mwezi ujao ndugu watapewa nusu. Mkataba wa hasira hudumu wiki tatu. Namba zikae hivi, na tutaeleza kila moja:

Nyumbani kwako: 40
Mkopo: 14
Akiba ya dharura: 10
Bima ya maisha na akiba ya uzeeni: 6
Mama: 12
Ada ya kitinda mimba: 8
Mfuko wa dharura wa ukoo: 4
Wewe mwenyewe: 6

Jumla ni 100, na upande wa familia umeshuka kutoka 49 hadi 24. Angalia yaliyobaki vilevile. Mama hatujamgusa. Mara nyingi mtu akizidiwa huanza kukata pale pasipo na kelele, na pasipo na kelele ni kwa mzazi. Ada nayo haikuguswa, kwa sababu ndiyo matumizi pekee kwenye orodha yako yenye mwisho unaojulikana na matokeo yanayoweza kukuondolea mzigo. Ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, risiti ibaki kwako. Mwambie kitinda mimba mapema na kwa upole kwamba ahadi yako ni mihula 3 ya kozi hii. Akirudia mwaka au akibadili kozi, mtakaa upya.

Kilichokatwa ni ujenzi wote, 9 ya fundi, na nusu ya 8 ya ukoo. Tuvichukue kimoja kimoja kwa sababu kila kimoja kina mtego wake.

Ujenzi ndio uliotutia wasiwasi kuliko hata udhamini, ingawa wewe umeutaja kwa mstari mmoja. Unajenga kwa pesa yako juu ya kiwanja kilicho kwa jina la marehemu. Sheria za nchi nyingi zinafuata kanuni ya zamani kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Na mwenye ardhi kwa sasa si wewe, wala si mama peke yake. Kiwanja ni sehemu ya mirathi ya baba ambayo haijagawanywa. Siku warithi watakapogawana, nyumba yako inaweza kuhesabiwa ndani ya fungu la wote wanne pamoja na mama. Hata wote wakiwa watu wema leo, kesho wana wake, waume, madeni na watoto. Na wewe ukitangulia kabla ya mgawanyo, mtoto wako atahitaji ushahidi kuonyesha kwamba matofali yale yalitoka kwenye jasho la mama yake.

Simamisha ujenzi hapo kwenye lenta, lakini usiuache uharibike. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo zipakwe uji mzito wa saruji zisiliwe na kutu. Vichwa vya kuta vifunikwe kwa tabaka jembamba la mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, ili maji yasipenye kwenye matofali. Mbao za shataringi, zile zilizoshikilia zege, zikiwa bado zipo, zitolewe na kuhifadhiwa ndani. Piga picha kila upande siku hiyo hiyo. Kusanya risiti zote za saruji, nondo, mchanga na malipo ya fundi. Zilizopotea, chapisha taarifa za miamala ya benki na simu uzigonge pini kwa miezi. Bahasha hiyo itakufaa kuliko unavyodhani.

Kisha mirathi ifunguliwe. Utaratibu unatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini vinavyohitajika hufanana: cheti cha kifo, wosia kama upo, orodha ya warithi, orodha ya mali na ya madeni ya marehemu, na mtu mmoja wa kusimamia anayekubaliwa na warithi. Ushauri wetu ni kwamba msimamizi asiwe wewe. Una pesa, una elimu, una nyumba juu ya kiwanja. Ukishika na usimamizi, hata ukitenda haki hutaaminika. Mdogo wenu mwalimu anafaa.

Mirathi ikikamilika mna njia tatu za halali: wenzako wakuuzie mafungu yao na hati iandikwe kwa jina lako; au muandikishe makubaliano yanayotambua gharama yako hata kama kiwanja ni cha wote; au useme waziwazi kwamba nyumba ni zawadi kwa mama, baada yake ni ya watoto wote, na usiidai tena. Hii ya tatu ni nzuri kabisa ukiichagua ukijua. Ubaya wake ni pale mtu anapotoa zawadi kwa mdomo na kudai umiliki moyoni. Na kama ni zawadi, jiulize kama mama anahitaji nyumba ya ukubwa huo, au anahitaji vyumba viwili vilivyokamilika, choo cha ndani na sakafu isiyoteleza, mwaka huu.

Fundi. Mtaji ameshapewa mara mbili, na hatuna sababu ya kuamini ni mvivu. Mafundi wengi wenye mikono mizuri hufilisika kwa mambo matatu yaleyale: pesa ya vyuma vya mteja kununulia mahitaji ya nyumbani, kazi kutolewa kwa mkopo kwa jirani, na kutohesabu gharama ya umeme, mawe ya kukatia na vijiti vya kuchomelea wakati wa kupanga bei. Mtaji wa tatu utapitia mashimo hayohayo. Kwa hiyo kabla ya pesa yoyote, aje na daftari la miezi 3. Liwe na safu sita: tarehe, kazi, malipo ya awali, gharama ya vifaa, malipo ya mwisho, anachodai. Haihitaji kompyuta. Akiwa na kazi mbili tu kwa wiki, miezi mitatu ni mistari kama 25, inaingia kwenye kurasa mbili.

Sharti la pili, asianze kukata chuma cha mteja kabla hajalipwa angalau gharama yote ya vifaa. Hilo peke yake linaondoa hitaji kubwa la mtaji, maana mteja ndiye anayenunua chuma. Daftari likionyesha faida miezi 3 mfululizo, na wewe na mumeo mkikubali, msaada uwe kifaa na usiwe fedha: mashine ya kuchomelea au grainda ya kukatia chuma, uinunue mwenyewe dukani, risiti kwa jina lako, naye aitumie kwa makubaliano ya maandishi kwamba inakuwa yake akiendeleza daftari kwa miezi 12. Kifaa hakiliwi haraka kama noti.

Na ile 9 ya kila mwezi haiishi siku moja. Mtu aliyezoea kulipiwa kodi ya nyumba ukimkatia ghafla atahamia kwa mama, na 12 ya mama ndiyo itakayomlisha. Ishuke kwa miezi 6: miezi 2 ya kwanza umpe 6, miezi 2 inayofuata 4, miwili ya mwisho 2, kisha basi. Mwandikie tarehe hizo. Katika kipindi hicho akiba yako ya dharura itapungua kwa kiasi hichohicho, yaani utaweka 4, halafu 6, halafu 8, ndipo ufike 10. Usiichukue kwenye 40 ya nyumbani kwako. Huko ndiko ulikokopa muda mrefu bila kuandika.

Mama ataendelea kupiga simu. Huyu ni mama, na kumuona mwanawe amekwama kunamnyima usingizi. Usimsome kama mjumbe wa hila. Mweleze, ikiwezekana ana kwa ana, kwamba 12 ni yake: akitaka kumpa mtoto wake sehemu, ni haki yake. Ila ikiisha kabla ya mwezi haijazwi tena isipokuwa kwa dawa na hospitali. Itume tarehe ileile kila mwezi, siku mshahara unapoingia, bila kusubiri aulize. Mzazi anayelazimika kuomba anaumia hata akipewa.

Afya yake inataka mpango wake. Ulizia bima ya afya sasa, si mwakani. Watoa bima wengi wana umri wa juu wa kujiunga, na ugonjwa ambao mtu tayari anao huwekewa muda wa kungoja au huachwa nje. Uliza mambo manne: umri wa mwisho wa kuingia, muda wa kungoja, kikomo cha mwaka cha kulazwa, na hospitali zinazokubali kadi yao karibu na anapoishi. Ikiwa umri wake umepita, mfuko wa dharura ndio utakaobeba.

Kuhusu mfuko huo. Ni akaunti ya pembeni, unaweka 4 siku ya mshahara, na walinzi wawe wadogo zako wawili, mwalimu na kitinda mimba. Pesa haitoki bila wote wawili kukubali. Kanuni ni chache. Unalipa ugonjwa, msiba, na mtoto aliyezuiwa mtihani. Unalipa hospitali au shule kwa ankara, haumpi mtu mkononi. Harusi na sherehe zina kiwango kimoja kilichopangwa mwanzoni mwa mwaka, sawa kwa kila binamu. Ukiisha umeisha hadi mwezi ujao, ukibaki, unalimbikizwa. Familia huwa na mazoea ya kuita kila kitu dharura, wakati mengi yana tarehe kwenye kalenda: ada ina muhula, kodi ya nyumba ina mwezi. Pitia miamala yako ya miezi 12, weka alama kwenye kila ombi ulilolijua au ambalo ungeweza kulijua wiki 4 kabla. Yaliyowekewa alama hayana haki ya kuitwa dharura tena.

Kosa linalotokea hapa ni wewe kuujaza mfuko kwa siri ukisikia shangazi amekataliwa. Ukifanya hivyo mara moja tu, wote watajua walinzi ni pambo, na simu zitarudi kwako zikiwa nyingi kuliko mwanzo. Kwa ombi lolote lisilo la damu wala pumzi, jibu liwe: "Nimekusikia. Walinzi wa mfuko watakujibu kesho jioni." Masaa hayo 24 yanasaidia sana. Maombi mengi hupata ufumbuzi kwingine kabla hayajafika.

Kikao cha familia kiitwe baada ya mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, na kisiwe siku ya msiba wala sherehe. Kwanza mama, kisha mwalimu, kisha fundi, mwisho kitinda mimba. Atakayesikia jambo zito mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza atapigana, hata kama angelikubali faraghani. Dakika 90 zinatosha. Ajenda nne: mirathi na kiwanja, mpango wa mama, mfuko na walinzi wake, nani anafanya nini. Mwenyekiti asiwe wewe. Anayelipa akiongoza na kikao, watu hukubali kila kitu na hawatekelezi chochote. Mtaje mfuko ni kiasi gani, mtaje mkopo upo na unaisha lini. Mshahara wako kamili si lazima uutaje. Wanachohitaji kujua ni kilichopo kwa ajili yao. Kitinda mimba aandike muhtasari: kilichoamuliwa, mhusika, tarehe. Asome kabla watu hawajainuka, wote wasaini, kila mtu apewe nakala. Kikao kingine baada ya miezi 3.

Kwenye ile ajenda ya nne, fundi hana pesa lakini ana mikono: mlango wa mama, paa, madirisha ni kazi yake, na ihesabiwe kama mchango. Kitinda mimba ashike kumbukumbu na miadi ya kliniki. Kila mtu awe na kitu chake kilichoandikwa. Familia ambayo mmoja hutoa na wengine hupokea tu huzaa kinyongo pande zote mbili, na anayepokea ndiye huanza.

Sasa wewe. Akiba ya dharura iende hadi ifike matumizi ya lazima ya miezi 3. Leo ya lazima ni 40 ya nyumbani, 12 ya mama, 8 ya ada na 14 ya mkopo, jumla 74. Mkopo ukiisha inashuka hadi 60, kwa hiyo lengo ni 180. Miezi 6 ya mwanzo utakusanya 36. Kuanzia wa 7 hadi wa 14 utaongeza 80, unafika 116. Hapo mkopo umekwisha, ile 14 inaungana na 10, unaweka 24 kwa mwezi, na miezi 3 baadaye una 188. Mwezi wa 17 una ukuta. Kabla ya hapo, madeni ya kwenye simu yalipwe kwanza. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaonekana kama kitu kidogo, lakini deni lisipolipwa na riba ikaongezwa juu ya riba, linakuwa mara mbili ndani ya miezi 35 hivi. Akiba inayokua kwa asilimia 8 kwa mwaka inahitaji miaka 9 kufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kukopa ili kutoa ni njia ghali kuliko zote za kumsaidia ndugu.

Bima ya maisha ya muda maalumu usiiache. Leo ukiondoka, wote wanaanguka pamoja. Hesabu ya chini: mkopo, 14 mara miezi 14 ni 196, ada, 8 mara miezi 18 ni 144, mama kwa miaka 5, 12 mara 60 ni 720. Jumla 1,060, sawa na mishahara kama 11 ya mwezi, na hapo mwanao hajahesabiwa. Yeye mhesabie hadi afike miaka 18. Wakati uko hapo, fungua faili lako la kazini na la pensheni uangalie jina la mnufaika. Mara nyingi mtu huandika jina siku ya kwanza ya kazi na halirudiwi. Ukikuta bado ni la marehemu baba, badilisha. Na wosia uandikwe, hata wa kurasa mbili, ukitaja akaunti, madeni, na ile bahasha ya risiti ilipo.

Mwezi wa 18 ada itakwisha na 8 itakuwa huru. Ipe kazi sasa, kwenye maandishi, kabla mtu hajaiona: 4 kwa afya ya mama, 4 kwa uzee wako. Pesa isiyo na kazi kwenye familia yenye uhitaji hupata kazi ndani ya wiki moja.

Wiki za kwanza zitakuwa ngumu. Utaambiwa mume amekubadilisha, utaambiwa umesahau ulikotoka. Usijibu kwenye kundi la familia la simu; mpigie aliyesema, msikilize hadi amalize, mrudishie namba zilezile za kikao. Kila anayeona namba haziyumbi hata wewe ukiwa umeumia hupunguza sauti kadiri miezi inavyokwenda. Wapo ambao hawatapunguza, na utaendelea kuwasalimia.

Ukimaliza na mumeo, simu ya kwanza kwa ndugu zako isiende kwa fundi wala kwa mama kuhusu fundi. Tulikuambia kwenye vikao vya mmoja mmoja mama atangulie, lakini hii ni simu tu, na haina ajenda. Mpigie mwalimu. Muulize amekwenda hospitali na mama mara ngapi mwaka huu, ametumia nauli kiasi gani, amekosa vipindi vingapi. Andika anavyokutajia. Nauli hizo zirudishwe kutoka kwenye ile 6 yako mwezi huu, na kuanzia mwezi ujao zilipwe na mfuko kabla ya ombi la mtu mwingine yeyote.